Kongamano la Sai-fai Mombasa kwa Siku Moja: Vazi, Njia na Jasho

Kongamano dogo la mashabiki wa hadithi za sayansi, sai-fai kama wanavyoita wenyewe, kwa kawaida ni ukumbi mmoja wa kukodi, meza za wachoraji na wauza vitabu zilizopangwa kando ya ukuta, mijadala miwili mitatu, chemsha bongo, na gwaride la mavazi kabla ya jua kuchwa. Ni siku tamu sana kwa aliyejiandaa. Kwa asiyejiandaa siku hukatika saa saba mchana, amekaa chini ya feni, helmeti iko mapajani na kichwa kinamgonga.

Miongozo mingi ya kutengeneza mavazi ya wahusika imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako vazi zito halimsumbui mtu. Hapa kwetu, Februari na Machi, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hewa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka. Jasho lisipokauka, mwili haupoi. Kwa hiyo vazi la Mombasa hupangwa kuanzia joto, na sura yake hufuata. Kama una nafasi ya kuchagua mwezi, Julai na Agosti, kusi ikivuma, ndiyo miezi ya kuvaa kitu kizito. Mei ni ya mvua, na mvua ina ugomvi wake na gundi.

Wiki tatu kabla: kitambaa au deraya?

Anayeanza na avae kitambaa. Si vazi la daraja la chini hata kidogo. Katika kongamano la kwanza la dunia la mashabiki hawa, New York mwaka 1939, mavazi yaliyowashangaza watu yalikuwa mawili ya kitambaa, yote yameshonwa na Myrtle R. Douglas: moja lake, jingine la shabiki mwenzake Forrest J Ackerman. Kila anayevaa mhusika leo anafuata uzi wa cherehani ya mama huyo.

Mombasa tuna bahati ya kitambaa. Nenda Biashara Street uchukue kikoi cha pamba na jozi ya leso. Suruali na mikanda utazipata mitumbani Kongowea kwa bei nafuu. Leso jozi moja inatosha joho la msafiri wa anga: usiikate vipande viwili, ikunje pale katikati, kata tundu la kichwa kwenye mkunjo, na uache mbavu wazi ili upepo upite. Kabla ya kukata, angalia jina la leso liko wapi. Fundi asiyefikiria huliacha jina lipotee kwenye mikunjo. Lipange likae mgongoni, mtu aliye nyuma yako kwenye gwaride aweze kulisoma. Kiumbe kutoka sayari nyingine akitembea na maneno "Mgeni njoo, mwenyeji apone" mgongoni, ukumbi mzima umeshamwelewa.

Epuka satini na nailoni nzito hata kama zinang'aa kama chombo cha anga. Hazipumui. Pia epuka kombati na nguo yoyote inayofanana na sare ya jeshi. Kenya raia haruhusiwi kuivaa, na askari wa barabarani hatakuuliza wewe ni mwanajeshi wa sayari gani.

Ukiamua deraya

Deraya nyepesi, yaani vazi gumu la kivita, hutengenezwa kwa sponji ngumu, ile ya mikeka ya watoto inayouzwa vipande vya kupachikana. Tafuta vya sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 10 hadi 12. Kifua, mgongo, mabega na helmeti vitakula vipande sita hadi vinane. Kwa mikono na marembo tumia mkeka wa mazoezi wa milimita 5 au 6, ambao hukunjika bila kubishana.

Jifunge magazeti na selotepu sehemu unayotaka kufunika, chora mistari ya maungio, kata, kisha hamishia kwenye karatasi ya manila. Ongeza nafasi ya sentimita tatu hadi nne kati ya kifua na deraya. Nafasi hiyo ndiyo njia ya hewa, na wengi huinyima kwa sababu deraya iliyobana inapendeza kwenye picha. Kwapa na mbavu ziache wazi kabisa, uzifunge kwa mipira ya elastiki. Badilisha wembe mara kwa mara unapokata: sponji huuma makali haraka, na wembe butu huchana badala ya kukata, ukabaki na kingo zenye manyoya ambazo hakuna rangi itakayozificha.

Kukunja kunataka mashine ya kupuliza hewa moto. Draya ya nywele hulainisha sponji nyembamba tu. Pasha hadi uso wa sponji uanze kung'aa kidogo, kunja, shikilia kama dakika moja ipoe. Ukiachia mapema hurudi ilivyokuwa.

Gundi ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo tuende polepole. Tumia ile ya njano ya mafundi viatu.

1. Paka tabaka jembamba pande zote mbili. Si upande mmoja.
2. Subiri dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole inanata bila kutoka na kidole.
3. Tazama uso wa gundi kwenye mwanga. Ukiona utando mweupe kama maziwa, usiunganishe.
4. Kutanisha kingo kuanzia mwisho mmoja, sentimita kwa sentimita, ukibonyeza kwa nguvu. Ikishagusana haisogezwi tena.

Utando ule mweupe ni ugonjwa wa pwani. Dawa iliyo ndani ya gundi inapopaa huupoza uso wa gundi, na mvuke wa hewa yetu hutua hapo kama umande kwenye chupa ya soda. Maji hayo yakikaa kati ya pande mbili, ungio huonekana zima nyumbani na kuachia ukumbini. Paka gundi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku kavu, madirisha wazi na moto mbali. Usipake usiku baada ya mvua. Utando ukitokea, upulizie draya kwa mbali hadi upotee, kisha paka tabaka jingine jembamba. Rangi ya kupuliza nayo hupatwa na hali hiyohiyo, ikageuka kuwa na ukungu, na tiba ni ileile.

Kabla ya rangi, ziba vitundu vya sponji kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tabaka tatu au nne, kila moja ikauke. Kwenye viwiko na magoti weka mbili tu. Ikizidi hupasuka ukikunja. Usiipake upande wa ndani, kwa kuwa gundi hiyo hulainika tena ikipata majimaji, na jasho la saa tatu linatosha.

Onyo moja kuhusu gari. Vifaa vilivyochapwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 55 hadi 60, na gundi ya moto ya vijiti haivumilii zaidi ya hapo kwa mbali. Ndani ya gari lililofungwa juani, juu ya dashibodi, joto hufika huko bila shida. Helmeti iliyochukua wiki mbili huinama kama mshumaa ndani ya mchana mmoja. Ukishuka, shuka nayo.

Helmeti yenye hewa

Hapa ndipo pa kutumia muda na pesa. Helmeti bila feni mjini kwetu ni ya kuvaa dakika tano za picha, basi.

Nunua feni mbili za milimita 40, za volti 5. Moja ikae kidevuni ikivuta hewa ya nje kuingia. Nyingine juu nyuma, ikitoa hewa ya moto. Zikielekezwa zote kuingia, hewa hukwama ndani na kioo kinajaa ukungu, kwa hiyo jaribu kwa kipande cha tishu kabla ya kubandika. Funika kila feni kwa kipande cha chandarua upande wa ndani. Ndevu, nywele na ncha ya mtandio hunaswa haraka, na mtu aliyenaswa ndani ya helmeti hana mkono wa kujisaidia.

Umeme utoke kwenye pawabenki kiunoni. Kata waya wa zamani wa kuchajia: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, zile mbili nyembamba zilizobaki ni za data, zifunge peke yake. Waya za bei rahisi wakati mwingine hazifuati rangi, basi jaribu kwanza kwa feni moja. Kisha utakutana na jambo linalowachanganya hata wazoefu: feni zinazunguka nusu dakika, halafu kimya. Feni haijafa. Pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaochukuliwa ni mdogo sana, zikidhani simu imejaa. Feni mbili pamoja mara nyingi huvuka kiwango hicho. Zisipovuka, ongeza rezista, kile kifaa kidogo cha kuzuia umeme, ya omu 47 na wati 1, kati ya chanya na hasi. Itachukua kama miliampea 100 na pawabenki itabaki macho. Rezista hiyo hupata moto, isiguse sponji wala ngozi. Pawabenki ya mAh 5,000 itaendesha mtambo huu kutwa nzima, ila usiitumie pia kuchaji simu.

Taa za LED kwenye volti 5: nyeupe au buluu weka rezista ya omu 150, nyekundu omu 220, kila taa na yake. Taa zikiungwa sambamba kwa rezista moja, moja hung'aa na nyingine kufifia.

Kioo cha uso kisishike ukungu: tone moja la sabuni ya vyombo, lipake lote kwa kidole, lifute kwa kitambaa kikavu mpaka lisionekane. Rudia baada ya chakula cha mchana.

Ndani ya deraya vaa jezi nyembamba ya michezo. Fulana ya pamba hunyonya jasho ikawa nzito na kukwaruza. Beba jezi ya pili.

Usiku wa kuamkia

Vaa kila kitu, washa feni, kaa nusu saa sebuleni bila kuvua. Panda ngazi. Kaa kitini. Nenda msalani ukiwa umevaa, kwa sababu kesho utaenda, na vazi la kipande kimoja lisilo na zipu ya kiunoni litakugharimu robo saa kila safari. Kinachokwaruza ndani ya nusu saa kitakuwa kidonda kufikia jioni.

Pakia vipande kwa mpangilio wa kuvaa, cha mwisho chini. Tumia gunia au mfuko mkubwa wa kitambaa; mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Kwenye mkoba mdogo weka gundi ya njano na brashi, selotepu pana, pini za mtandio dazeni, sindano na uzi, elastiki mita mbili, kitambaa cha kujifuta, na maji lita mbili. Chaji pawabenki sasa hivi, si asubuhi.

Njiani

Usitoke nyumbani umevaa deraya. Bega la sentimita 70 haliingii mlango wa matatu, na tuktuk yenye abiria watatu haina pa kuweka mbawa. Vaa jezi na suruali ya vazi, vingine ubebe.

Anayetoka Likoni apange muda wa kivuko. Kwa mwenda kwa miguu feri ni bure, lakini foleni ya asubuhi si ya mchezo na mifuko hukaguliwa. Helmeti iwe mkononi, uso wazi. Silaha ya kuigiza ikae mfukoni, imekatwa vipande kama inawezekana, na ipakwe rangi ambayo hakuna atakayedhani ni bunduki ya kweli: chungwa, kijani kibichi, zambarau. Mlinzi akiuliza, msalimie kwanza, kisha mwambie, "Afande, ni vazi la maonyesho, hii ni sponji," na umpe ashike. Akiishika tu mashaka yanaisha.

Wageni wa kutoka Nairobi kwa treni wakumbuke kwamba kituo kiko Miritini, si mjini. Waongeze saa nzima kufika kisiwani.

Ukumbini

Fika mapema, jiandikishe, chukua ratiba, halafu fanya mambo matatu kabla ya kuvaa: tafuta soketi, tafuta choo, na hesabu ngazi za jukwaa. Ukiwa ndani ya helmeti huoni miguu yako. Kama ngazi ni nne, ziwe nne kichwani.

Kila mwenye helmeti awe na mwenzake asiyevaa. Kazi ya mwenzake ni maji, njia, na macho. Vaa dakika 30 hadi 40, vua robo saa, kunywa nusu lita kila saa hata kama huna kiu. Dafu linafaa sana, na viazi karai vya mlangoni vinarudisha chumvi. Chai ya maziwa na biriani nzito zisubiri jioni. Ukisikia kichefuchefu, kizunguzungu au kichwa kuuma, vua yote, kaa penye upepo, jilowanishe shingo na kwapa. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka au ngozi yake ikawa ya moto, hilo si la kupumzika tena: mmwagie maji na mwite gari la kwenda hospitali.

Ratiba nzuri ya Mombasa huacha nafasi karibu saa sita na nusu kwa Adhuhuri na karibu saa kumi kasorobo kwa Alasiri. Mwenye kuswali apange vazi lake kwa udhu: glovu za velkro zitoke kwa mvuto mmoja, na rangi ya uso iwe ya maji, inayooshwa ikaisha. Rangi za mafuta na ngozi bandia za mpira huzuia maji kufika kwenye ngozi, na kuzibandua katikati ya siku ni kuharibu kazi yote. Weka rangi ya uso baada ya Adhuhuri kama gwaride ni la alasiri.

Kupiga picha, omba kwanza: "Dada, naomba picha moja?" Usiguse vazi la mtu hata likikuvutia vipi. Kwa mtoto, muombe mzazi.

Mijadala ni mahali pa kuuliza, si kuhutubia. Swali moja, sentensi mbili. Kwa chemsha bongo, watu wa pwani wana jambo lao ambalo haifai walikose. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei, na ilisaidia kutambua Cygnus X-1, moja ya vitu vya kwanza kudhaniwa kuwa shimo jeusi. Mwanasayansi wa hadithi yako akizaliwa Ngomeni, hujatunga jambo la ajabu.

Ukiwa na meza

Kijarida rahisi ni karatasi za A4 zilizokunjwa mara moja. Kila karatasi inatoa kurasa nne, basi idadi ya kurasa igawanyike kwa nne: kurasa 16 ni karatasi nne na pini mbili mgongoni. Chapisha kwa leza huko saiba. Wino wa maji huchafuka kwa vidole vyenye jasho, na mnunuzi akiondoka na hadithi yako kidoleni hawezi kuisoma. Karatasi hujikunja kwa unyevu. Zikae ndani ya kopo lililofungwa hadi asubuhi, na mezani ziwekee kitu kizito. Andika namba ya kulipia kwa M-Pesa kwa herufi kubwa zisomeke mita mbili, na beba chenji ya sarafu kwa wale ambao simu zao zimezima.

Gwaride

Vaa helmeti mwisho kabisa, watu watatu kabla ya zamu yako. Washa feni kabla ya taa. Tembea nusu ya mwendo wako wa kawaida, simama sekunde tatu kila kona ya jukwaa, geuka taratibu uonyeshe mgongo. Waamuzi wakija karibu hutazama maungio, kwa hiyo kwenye kadi yako andika ulichotengeneza kwa mkono wako na ulichonunua. Kipande kikianguka usikiokote, mwenzako atakiokota.

Ukirudi nyumbani

Usilale na vazi ndani ya gunia, hata ukiwa hoi. Sponji yenye jasho huota kuvu ndani ya siku chache katika hewa yetu. Futa upande wa ndani kwa maji na siki, nusu kwa nusu, kisha tundika kivulini penye upepo hadi kesho yake. Jezi na leso zifue usiku huohuo. Chomoa pawabenki. Ndani ya helmeti jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa ili isibonyee, na palipoachia gundi pafunge uzi mwekundu, uweze kupaona siku kavu ya kupaka tena itakapofika.